Puliza, Usipunge

Mzazi mwenzangu, kabla hujampa mwanao kijiti cha kuchomea mashmelo, chukua futi ya kushonea ukipime. Kikizidi sana urefu wa mkono wake, kikate. Mimi sikukata. Mimi nilirefusha, tena kwa kujisifu, na ilibaki kidogo nimtoe binti yangu jicho.

Kazi yangu ni kushona mapazia. Sebule yetu ndiyo karakana: cherehani iko dirishani, meza ya kukatia iko katikati, na mteja akija watoto wanahamishiwa chumbani pamoja na madaftari yao. Ninao wawili. Wa kwanza ana miaka kumi na mmoja, tunamwita Injinia, kwa sababu hakuna redio iliyoingia nyumba hii ikabaki na skrubu zake zote. Wa pili ana miaka saba. Huyo ni Chiriku. Anaongea tangu anapofumbua macho, anaongea na mswaki mdomoni, na usiku akilala anamalizia yaliyobaki.

Na mimi nina jina langu nililopewa na wifi yangu, dada wa mume wangu. Ananiita Mama Tahadhari. Siwezi kusema ananionea. Mimi ndiye ninayezungusha kitambaa kwenye kona za meza. Samaki wa watoto wangu namchambua mara mbili, halafu bado nawaambia wale na mkate.

Sasa, shule ilileta karatasi. Watoto wa darasa la Injinia wanakwenda kambi ya siku tatu, mzazi atie sahihi. Nikasoma: kupanda kilima, kutambua ndege, kuota moto na kuchoma mashmelo. Nilipofika kwenye neno moto nikaacha kusoma, na kalamu nikairudisha mkobani.

Mume wangu ni dereva wa basi la shule hiyohiyo.

"Mke wangu," akaniambia, "nibebe watoto arobaini wa watu, wangu nimwache nyumbani?"

"Wa watu wana wazazi wao."

"Walimu watakuwepo."

"Walimu wana macho mangapi?"

Ni mtu wa amani yule, akiona mazungumzo yana kona nyingi anapunguza mwendo. Ijumaa asubuhi akaondoka na basi lake, na Injinia akabaki amesimama mlangoni na viatu vya safari miguuni. Hakulia. Angelia ningembembeleza. Alivua viatu, akavipanga chini ya meza yangu ya kukatia, akaingia chumbani. Chakula cha mchana akala peke yake, cha jioni vilevile. Mtoto aliyenyamaza utambembeleza nini?

Jumamosi mchana wifi akaingia na boksi kichwani.

Wifi ni mwoka keki. Anafanya kazi kwenye tanuri kubwa mjini, na mikono yake, kuanzia vidoleni mpaka viwikoni, ina makovu madogomadogo yaliyopauka, kama matone ya chokaa. Miaka yote nilikuwa nikiyatazama makovu yale nikijisemea moyoni: huyu ni mzembe. Nakiri hapa mbele yenu.

Ndani ya boksi mlikuwa na pakiti za biskuti, chokoleti ya kukatakata na mashmelo za kujaza sufuria. Mteja aliagiza keki iliyopambwa navyo, kisha akageuza mawazo akataka maua. Kwa ambaye hajaziona mashmelo, ni peremende nene, nyeupe, laini, ukiibonyeza inarudi kama sponji. Ukiishika juu ya makaa inavimba, inafanya ngozi ya kahawia, na ndani inakuwa uji mzito wa sukari. Hapo unaibana katikati ya biskuti mbili pamoja na kipande cha chokoleti, chokoleti nayo inalainika, na unakula unajilamba mpaka kiwiko.

"Mama Tahadhari," wifi akasema, "mtoto hakwenda kambini, basi kambi imemfuata. Tunawasha moto uani."

"Wifi, moto..."

"Moto una nini? Wewe hupiki?"

"Wa jikoni una mwenyewe."

"Na huu utakuwa na wenyewe wawili. Wewe wa kuogopa, mimi wa kuchoma."

Chiriku alishaanza kuruka na kutangaza habari kwa majirani. Ila kilichonishinda ni Injinia. Alitoa kichwa mlangoni, akatazama boksi, halafu akanitazama mimi. Nikakubali.

Nikakubali kwa masharti, na masharti yangu yalichukua saa nzima. Uani kwetu ni kwa saruji, tunachangia nyumba tatu, na bomba liko pembeni. Nilianua nguo zote kwenye kamba, zangu na za watu. Nilitoa ringi kuukuu ya lori aliyoileta mume wangu, nikaiweka katikati kabisa ili moto ukae humo. Nikajaza ndoo mbili za maji na ndoo moja ya mchanga. Nikalowesha blanketi. Kisha nikachukua futi na chaki yangu ya kukatia, nikapima hatua za kutosha kutoka kwenye ringi, nikachora duara kubwa sakafuni. Nikawaambia watoto: mguu wa mtu usivuke mstari huu.

Wifi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, anachonga vijiti. Vilikuwa vya urefu wa mkono. Akatazama duara, akatazama vijiti.

"Sasa kutoka huko watachomaje? Kwa maombi?"

Hapo ndipo nilipojiona nina akili. Nikaingia ndani nikatoka na fito za mapazia. Kuna mapazia ya kukunja, yale yanayopanda juu kwa kamba badala ya kufunguka pembeni. Kila mkunjo wake unapitishwa ufito mwembamba wa mwanzi ili kitambaa kisilegee. Fito hizo ni nyembamba kama kidole cha mtoto, na ndefu kumpita mume wangu. Nikazichonga ncha, nikawapa watoto kila mmoja wake.

Wifi akauchukua mmoja akautikisa. Ufito ukapiga mluzi hewani, ukapinda, ukarudi, ukapinda tena.

"Wifi," akasema, "huu unarusha."

"Na wewe kila kitu una neno."

"Nakwambia unarusha. Uone unavyorudi."

"Unarudi kwa sababu unautikisa. Wao hawatatikisa."

Akanyoosha mikono kama mtu anayesalimisha silaha. Mnaona? Niliambiwa. Aliyeniambia nilishamwandika mzembe, kwa hiyo maneno yake hayakuingia.

Na bado kuna makosa yangu mawili. La kwanza, wale watoto wakikaa pamoja hawakosi kuchokozana, nami nikaona kwamba kwa fito zile watachomana macho. Kwa hiyo niliwatenganisha: Injinia upande huu wa moto, Chiriku upande ule, wanatazamana. La pili, wifi alitaka tungoje kuni ziishe kuwaka. "Mashmelo ni ya makaa," alisema, "si ya ndimi za moto." Lakini mimi nilitaka shughuli ile iishe upesi nizime moto nipumue. Nikasema, "Wachome, wale, tuzime." Ndimi zilikuwa bado zinafika magotini.

Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua lingalipo. Watoto wakanyoosha fito. Ufito mrefu hivyo una uzito wake, na ncha yake inainama yenyewe hata mkono ukikaza. Injinia alikuwa ameuma ulimi kwa umakini, sura imerudi kuwa ya kwake, na mimi nikajisikia vizuri mara ya kwanza tangu Ijumaa. Chiriku alikuwa akiisimulia mashmelo yake jinsi itakavyoliwa.

Ufito wa Injinia ukainama. Mashmelo ikagusa mwali, ikashika. Inawaka vizuri sana ile peremende, moto wa buluu, kama utambi.

"Mama, inaungua!"

Nami, mama yake, niliyejaza ndoo na kuchora duara, nikapiga kelele: "Ipunge! Ipunge izime!"

Mtoto wangu ni msikivu. Akaipunga.

Ufito ulipinda nyuma, ukarudi mbele, na mashmelo ikachomoka. Niliiona ikipita juu ya ringi inawaka. Kisha nikamwona Chiriku ameganda, ufito wake umeanguka, na kwenye jicho lake la kushoto pamebandikwa donge jeusi linalofuka moshi.

Hakupiga kelele. Nadhani ningeweza kustahimili kelele.

Nilivuka mstari wangu mwenyewe bila kuuona. Nikanyoosha vidole niling'oe lile donge, na kabla sijaligusa mkono wangu ulikamatwa. Wifi alikuwa amefika kabla yangu.

"Usiguse!"

"Linamuunguza!"

"Ukilivuta linatoka na ngozi. Na ukope. Lete ndoo!"

Sikuleta ndoo. Nilikimbia ndani kuchukua dawa ya meno. Ndivyo nilivyokua nikiona: aliyeungua anapakwa dawa ya meno, nyumba nyingine yai, nyingine mafuta ya kupikia. Nikatoka nimeshafungua kifuniko. Nikamkuta wifi ameketi sakafuni kwenye maji, Chiriku amelala mapajani mwake, kichwa kimegeuzwa upande wa kushoto, naye anamwagia maji kwa kikombe. Anamwaga kuanzia puani yaende nje sikioni, polepole, bila kukatika, kikombe juu ya kikombe.

"Mpake hii, wifi, mpake upesi."

"Ukimpaka hiyo leo tutagombana, na kaka yangu hatatupatanisha. Iweke mfukoni. Tazama saa."

"Saa ya nini?"

"Dakika ishirini. Ukiniambia zimefika kabla hazijafika, nitajua."

Nikashika simu nikatazama saa. Sasa naelewa alinipa kazi ile ili mikono yangu isifanye nyingine. Dakika ya tatu sikuona kitu. Dakika ya tano, ule weusi ukaanza kulegea pembeni. Maji yaliyokuwa yanapita sikioni kwa Chiriku yakawa ya kahawia, halafu ya manjano.

"Si sukari hiyo?" wifi akasema, macho yakiwa kwenye kazi. "Sukari inayeyuka. Inaondoka yenyewe, bila kuvutwa. Unafikiri makovu haya niliyapata wapi, ngomani? Ni sukari ya moto. Yote ni ya mwaka wangu wa kwanza kazini, nilipokuwa naungua naparura, naungua napaka mafuta. Tangu nijue maji, kovu jipya hunioni nalo."

Nikaitazama mikono ile. Kweli, yote yalikuwa makovu ya zamani.

Injinia alikuwa bado amesimama upande ule wa moto na ufito mkononi.

"Mama," akauliza, "nimempofusha?"

Nikashindwa kumjibu. Nilimwambia, "Weka ufito chini," basi, hilo tu. Katika yote ya siku ile, hilo ndilo linalonirudia.

Dakika ishirini zilipotimia donge halikuwepo tena. Lilikuwepo jicho lililovimba likafumba kabisa, jekundu, na kope zimegeuka vumbi. Wifi akafunika kwa leso safi iliyolowa. Fundi friji wa nyumba ya pili akaleta gari lake la kazi, nyuma kuna friji limelazwa. Wifi na Injinia wakapanda nyuma wakalishikilia friji, mimi mbele na Chiriku mapajani. Ndoo ya pili akaimwaga mke wa fundi juu ya moto. Nilisikia ukilia tu, tukaondoka.

Chiriku hakusema neno. Njia nzima. Tulipita gari la zimamoto, hakusema. Tukapita mtu amebeba kuku wanne kwenye baiskeli, hakusema. Nikamwambia, "Mwanangu, unaumwa?" Akatikisa kichwa kidogo tu. Nikawaza, mtoto aliyekuwa akiongea mpaka usingizini, leo kimya hivi, kwa vyovyote jicho limekwenda na kuna jingine kubwa kuliko jicho.

Nikampigia mume wangu. Nyuma ya sauti yake watoto walikuwa wanaimba.

"Chiriku ameungua jichoni."

Nikasikia akisogea mbali na wimbo.

"Linaona?"

"Sijui."

"Nakuja."

"Basi la watu utaliacha na nani? Kaa. Nitakupigia."

Kituo cha afya kilikuwa na daktari mmoja wa macho, dada mwembamba mwenye miwani, kucha zimepakwa rangi nyekundu iliyobanduka. Akamketisha Chiriku kwenye kiti kirefu, akanigeukia.

"Mlimpaka nini?"

"Maji."

"Dawa ya meno? Yai? Asali? Mafuta?"

Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa aproni. Tyubu ilikuwa humo, bila kifuniko, imemwagika, vidole vyangu vinanata.

"Maji tu," nikasema.

"Kwa muda gani?"

"Dakika ishirini. Niliangalia saa."

"Nani alimwagia?"

Nikamwonyesha wifi kwa kidevu. Daktari akamtazama, akaiona mikono yake, akasema neno moja: "Afadhali."

Akadondosha dawa ya ganzi. Akangoja. Halafu akatoa kijikaratasi chenye rangi ya machungwa, akakigusisha ndani ya ukope, akazima taa ya chumba na kuwasha kitochi cha buluu.

"Rangi hii inaingia penye jeraha," akatueleza. "Jicho likiwa na kidonda, nitaona kijani kinang'aa."

Kazi ya mapazia ni kazi ya rangi, jamani. Najua kijani cha chupa, kijani cha zeituni, kijani cha jani la mgomba, nina sampuli ishirini na nne kwenye kitabu cha vitambaa. Dakika ile nilizichukia zote. Daktari alifunua ukope wa juu kwa kidole, akainama. Akasogeza kitochi kulia, kushoto. Akafunua wa chini. Akarudi juu. Nilisikia Injinia mlangoni anavuta pumzi kwa mdomo.

Daktari akawasha taa.

"Jicho ni zima."

"Zima vipi?"

"Zima, mama. Alilifumba kwa wakati. Iliyoungua ni ngozi ya ukope na kope zenyewe, na haikwenda ndani kwa sababu ilipozwa. Kope zitaota."

Wifi, ambaye tangu uani hakutetemeka hata kidole, akateleza ukutani mpaka chini, akaketi sakafuni kama mzigo wa unga, akajifunika uso kwa mikono yake yenye makovu. Mimi nilitaka kumshukuru daktari, nikatoa mkono, ukatoka na dawa ya meno. Akaitazama. Akanitazama. Akanipa karatasi ya kufutia, hakuniuliza.

Kisha akalifunua lile jicho kwa upole, akafunika la pili, akamwonyesha Chiriku vidole.

"Vingapi?"

Chumba kizima kikangoja.

"Viwili," Chiriku akasema. "Lakini kimoja rangi imebanduka kwenye ukucha, na hicho kingine nacho kinaelekea kubanduka, na shangazi amekaa chini na sakafu ina maji, na mimi mashmelo yangu hata sijaila, ilianguka, na ya kaka imeniangukia mimi lakini haikuingia mdomoni, na friji la yule mjomba lina mlango wa..."

Akaendelea. Sijui aliishia wapi. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, nikambana kifuani, naye anaongelea kwapani mwangu.

"Sasa mbona ulinyamaza muda wote ule?" nikamuuliza. "Uliniua, mtoto wewe!"

"Shangazi alisema fumba macho, fumba mdomo, maji yasiingie." Akamtazama shangazi yake kwa jicho moja, kwa lawama. "Hakusema nifumbue lini."

Nilikwenda mlangoni kwa Injinia. Alikuwa ameshika fremu ya mlango kwa mikono miwili. Nikachuchumaa.

"Uliniuliza kitu kule uani sikukujibu. Jibu ni hapana. Na ufito ulikuwa wangu. Na neno la kupunga lilikuwa langu. Wewe ulitii tu."

"Mimi ndiye niliyeshika," akasema.

"Ulishika nilichokupa."

Akaegemeza kichwa begani kwangu, kizito, kama alivyokuwa akifanya zamani kabla hajawa mkubwa.

Nikampigia baba yao. "Zima," nikasema, na nikamsikia anakaa juu ya kitu kilicholia, labda ngazi ya basi. Baadaye nikamuuliza huko wanaendeleaje. Akasita, maana ananijua.

"Wamechoma," akasema. "Walingoja makaa. Wamekaa mstari mmoja, vijiti vifupi, mwalimu mbele yao. Hakuna aliyeungua."

Nikaimeza hiyo bila maji.

Daktari alitupa dawa ya kupaka mara tatu kwa siku na kututaka turudi. Tulirudi mara mbili. Wiki ya tatu kope zilikuwa zimeanza kuota kama majani machanga, na Chiriku alikuwa amelisimulia darasa zima kisa chake, kila mara ile mashmelo inazidi kuwa kubwa. Mara ya mwisho niliyosikia ilikuwa imefikia ukubwa wa mto wa kulalia.

Injinia ndiye hakupona upesi. Niligundua asubuhi moja nilipomwambia awashe jiko la gesi aweke chai, kazi aliyokuwa akiifanya kila siku. Alisimama na kiberiti mkononi, hakukiwasha. Akasema hana kiu. Kesho yake tena hana kiu. Hapo nikaona woga wangu umepata mrithi, na sikuupenda nilipouona kwa mtu mwingine.

Nikampigia wifi. "Zile mashmelo zilizobaki," nikamwambia, "bado ni nzima?"

"Wewe ni nani?" akasema. "Mpe simu Mama Tahadhari."

Alikuja Jumamosi. Safari hii aliongoza yeye. Fito nilizikata mwenyewe kwa msumeno, mbele ya watoto, zikabaki urefu wa mkono, na mabaki nikayatupa ndani ya ringi yakawaka kwanza. Nilijisikia vizuri kuyaona. Tukakaa tukisubiri, na wifi hakumruhusu mtu kugusa mashmelo mpaka kuni zote zikawa makaa mekundu, hakuna mwali. Tukakaa mstari mmoja, bega kwa bega, wote tunatazama upande mmoja, hakuna mtu ng'ambo ya moto. Ndoo za maji zilikuwepo, hizo siziachi. Na ndizo zilizotuokoa, wifi mwenyewe alikubali hilo, akasema, "Ulikosea kila kitu isipokuwa ndoo."

Injinia alikaa mwisho wa mstari, mikono mfukoni.

"Ikishika moto," wifi akatufundisha, "unaileta taratibu pembeni ya makaa, mbali na watu, unapuliza. Puliza, usipunge. Semeni."

"Puliza, usipunge!" Chiriku akaitikia kwa nguvu za kuamsha mtaa.

Nikanyoosha yangu. Sikuwahi kuchoma mashmelo maishani. Ilianza kuvimba vizuri, ikapata rangi, nami nikaona haya si magumu, nikaishusha kidogo zaidi. Ikashika. Mwali wa buluu uleule.

Na mkono wangu, wallahi, mkono wangu mwenyewe, ukapanda juu kutaka kupunga.

"Mama!" Sauti haikuwa ya Chiriku. Injinia alikuwa amesimama, mikono imetoka mfukoni. "Puliza! Mama, puliza!"

Nikapuliza. Ikazimika. Ilibaki nyeusi tii kama kipande cha mkaa, na moshi wake ukaniingia puani nikakohoa. Injinia akaitazama ile mashmelo, akanitazama mimi, na kicheko kikamtoka, cha tumboni, kile ambacho tulikuwa hatujakisikia wiki tatu.

"Umeikaanga, mama."

"Nipe biskuti," nikamwambia. "Naila hivyohivyo."

"Ngoja," akasema. Akaokota kijiti, akachomeka mashmelo mpya, akapiga goti mbele ya makaa. "Tazama inavyofanywa."